Majengo ya Zamani ya Miji Yetu Midogo, na Jengo Letu Moja

Hotuba iliyosomwa Jumamosi jioni katika mkutano wa wanafunzi wa zamani

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu. Ndugu Mkuu wa Shule. Walimu wetu, wa sasa na waliostaafu. Ndugu zangu wanafunzi wa zamani. Na ninyi vijana mlioketi kule nyuma mkinusa pilau na kuomba mzee huyu asiongee sana:

Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya "mchango wa wanafunzi wa zamani katika maendeleo ya shule". Nilimjibu kwamba nitasema, ila nitapitia njia ya mzunguko kidogo. Mwisho wa mzunguko nitafika palepale alipotaka, nanyi mtaamua kama safari ilistahili nauli.

Ninayo sababu ya kupita huko. Kesho asubuhi katika mkutano mkuu, hoja ya nne ya ajenda inapendekeza kwamba Bwalo la Kwanza, lile jengo refu la matofali lililo kati ya jiko na uwanja wa mpira, libomolewe ili pajengwe bweni la ghorofa moja. Wengi wetu tumekwisha changia. Mimi pia nimechangia. Lakini nina neno la kusema kabla hatujanyoosha mikono, na ningependa niliseme leo usiku, wakati bado tuna nafasi ya kulala nalo.

Ndugu Mwenyekiti, mimi si mwanahistoria, wala si mhandisi. Chuo Kikuu nilisomea utawala. Lakini kazi ya serikali ni kama gari la mizigo: hukupitisha mahali pengi usipopapanga. Imenizungusha katika miji midogo ya pembe hii ya kusini magharibi ya nchi yetu, tangu Rungwe na Mbozi hadi Chunya, Ufipa na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Katika kuzunguka huko nimejifunza kutazama majengo. Naomba niwatembeze katika machache.

Tuanze na Tukuyu, maana ndiko wengi wenu mnakotoka, na ninyi wengine mmekula ndizi zake. Mji ule haukuanza pale kilimani. Wajerumani waliweka kituo chao cha kwanza chini, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, katika miaka ya 1890, wakakiita Langenburg kwa heshima ya mwana wa mfalme mmoja wa kwao aliyekuwa mkuu wa chama chao cha makoloni. Joto na homa za ziwani ziliwashinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakapanda mlimani, kwenye mvua na baridi, wakajenga boma jipya na kuliita Langenburg Mpya. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka upande wa Nyasaland yaliingia pale, na baadaye jina la kigeni likaanguka, likabaki letu: Tukuyu.

Nawaomba vijana mlifikirie neno lenyewe, "boma". Ni neno letu. Lilikuwa uzio wa miti wa kulinda watu na mifugo. Mkoloni alipokuja akajenga kuta za mawe na matofali zenye matundu ya bunduki, watu wakazitazama wakasema, hili nalo ni boma. Tangu hapo ofisi ya mkuu wa wilaya ikawa "bomani", hata pale ambapo hakuna ukuta tena. Mtu akisema leo "nakwenda bomani kufuata kibali", anasema historia ya miaka zaidi ya mia bila kujua.

Tushuke sasa upande wa Ufipa, hadi Kasanga, ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Pale kuna magofu juu ya rasi, maji yakiwa pande tatu. Hiyo ilikuwa Bismarckburg ya Wajerumani. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta mashua zao za vita kwa njia ya nchi kavu, kupitia Kongo, mpaka ziwani. Walipofika mbele ya ngome ile mwezi Juni 1916, kamanda wao aliona midomo ya mizinga ukutani, akasita kushambulia. Usiku askari waliokuwa ndani wakaondoka kwa mitumbwi. Asubuhi ngome ikatwaliwa na majeshi yaliyotoka nchi kavu, na inasimuliwa kwamba ile mizinga iliyomtisha kamanda ilikuwa magogo ya miti. Kila ninapokumbuka kisa hicho huwa najiuliza: aliyeyachonga magogo yale ni nani? Hakika si afisa. Alikuwa fundi wa pale pale, Mfipa au Mlungu, ambaye jina lake hakuna kitabu kilichoandika. Kazi ya mikono yake iliwazuia wenye mizinga ya kweli kwa muda.

Ukuta ule wa Kasanga umeona na mengine. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ardhi lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ya 20 lilitikisa Rukwa na nchi za jirani. Wataalamu wanalipa kipimo cha 7.4. Mhandisi wa leo anayetaka kujua nyumba za pembe hii zijengweje, hawezi kusubiri tetemeko jingine la namna hiyo ili ajifunze. Inambidi atazame kuta zilizolipitia, aone ni zipi zilipasuka na ni zipi zilisimama.

Kutoka Kasanga, mtu akifuata ziwa kwenda kaskazini, hufika Karema, ambayo sasa imo katika Mkoa wa Katavi. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika walijenga kituo pale mwaka 1879, kabla Wajerumani hawajadai hata shubiri moja ya nchi hii. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na ngome ikageuka kuwa misheni. Wakati inajengwa, maji ya ziwa yalikuwa karibu. Lakini katika miaka ileile ziwa lilijifungulia njia upande wa magharibi kwa Mto Lukuga, likapungua mwaka hadi mwaka, na ngome ikabaki nchi kavu mbali na mawimbi. Kwa hiyo jengo lile ni kipimo. Ukisimama pale unapima kwa macho ziwa lilivyokuwa na lilivyo. Leo Karema ina bandari mpya, na nadhani kila anayejenga bandari katika ziwa linalopanda na kushuka namna ile angefanya vyema kwanza kwenda kuiamkia ngome ya zamani.

Pale Karema alifanya kazi mtu mmoja ambaye ningependa kila kijana hapa alijue jina lake: Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi za Mto Niger, Afrika Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa ufuko ule hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60, ndugu zangu, mahali pamoja. Sisi tukipangiwa kituo cha kazi chenye barabara ya vumbi tunaandika barua ya uhamisho kabla hatujafungua sanduku.

Turudi milimani. Misheni ya Rungwe ilianzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na ile ya Mbozi mwaka 1899. Ukienda Rungwe leo huoni magofu. Unaona mahali panapokaliwa: watu wanasali, watoto wanasoma, bati likivuja linazibwa. Hapo nilijifunza jambo la kwanza juu ya majengo, nalo ni rahisi: jengo linalotumika ndilo linaloishi. Jengo huuawa na kufuli. Mchwa, mvua na popo ni wazishi tu wanaokuja baadaye.

Pale Mbozi pia kuna kitu ambacho hakikujengwa na mtu, nacho ni Kimondo. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, urefu wake mita 3 hivi. Makadirio ya uzito wake huanzia tani 12. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani. Mpimaji ardhi mmoja mgeni "akaligundua" mwaka 1930, kama wageni wagunduavyo vitu ambavyo wenyeji huviamkia kila siku. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imezama ardhini. Walichimba handaki kulizunguka, lakini chini yake wakaacha nguzo ya udongo uleule lililoangukia, kisha wakaiimarisha kwa saruji. Hivyo kimondo hakikuhamishwa hata hatua moja. Mwaka 1967 kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Nawaomba muikumbuke ile nguzo ya udongo, nitairudia.

Nitaje na Chunya. Dhahabu ya Lupa ilivuta watu wa kila kabila na kila rangi katika miaka ya 1920 na 1930. Hata Mbeya yenyewe, iliyoanza mwaka 1927, ilikua kwa ajili ya dhahabu ile. Mgodi mkubwa wa Saza ulipofungwa mwaka 1956, mji ukanyamaza. Ukipita Chunya unaelewa kwamba mji unaweza kuzaliwa, kunenepa na kukonda katika umri wa mtu mmoja. Somo hilo huwezi kulipata kutoka kwenye mji ambao kila kitu chake kimepakwa rangi jana.

Na msidhani majengo ya historia ni ya Wajerumani na Waingereza tu. Merere wa Usangu alikuwa na ngome yake kabla Mjerumani hajakanyaga huku. Iliyobaki ni kidogo, kwa sababu udongo na miti havidumu kama jiwe, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema "tuitunze". Na upande wa wakati wetu, tazameni stesheni za TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na vijana wa Tanzania, Zambia na China, wakati mataifa tajiri yalikwisha sema kwamba haiwezekani. Stesheni ya Mbeya ina haki ya kuitwa jengo la historia kama boma lolote, na zaidi, maana boma lilijengwa kututawala na stesheni ilijengwa kutufungulia njia.

Ndugu Mwenyekiti, najua swali linalochemka. Niliulizwa mchana huu na rafiki yangu tuliyelala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka minne. Aliniuliza: "Ya nini kutunza vitu vya mkoloni? Vilijengwa kwa jasho la babu zetu bila malipo." Nikamjibu: hilo ndilo neno lenyewe. Nani alipanga foleni ya kodi kwenye baraza ile? Nani alichapwa katika ua ule? Ukibomoa jengo, mkoloni hapotezi kitu, kwa sababu yeye kumbukumbu zake amezihifadhi kwake kwa mpangilio mzuri. Anayepoteza ni babu yako, ambaye kumbukumbu yake pekee ni tofali alilolibeba.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya serikali, kuna sheria. Ni kweli, ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini isomeni. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kuwa kumbukumbu kwa nguvu ya sheria yenyewe. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze. Sasa hesabuni. Karema ni 1879. Rungwe ni 1891. Maboma ya Tukuyu na Kasanga yanafuata. Jengo lolote la matofali nililolitaja usiku huu limechelewa tarehe ile. Huku kwetu, basi, jengo haliokolewi na kalenda. Linaokolewa na mtu anayeinuka na kusema neno kwa wakati. Na kama mtu huyo hayupo, au yupo lakini amenyamaza, basi lawama haiwezi kupelekwa Dar es Salaam wala Dodoma.

Hapa, ndugu zangu, inanibidi niungame.

Mwaka 2011 nilikuwa afisa kijana katika mji mmoja mdogo ambao sitautaja. Nilikuwa katibu wa kamati iliyokagua majengo chakavu. Nyuma ya soko palikuwa na nyumba ya baraza la zamani, mahakama ya wenyeji ya siku za Mwingereza. Matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, veranda ndefu yenye nguzo nane. Kamati ilitembelea kwa muda wa kama dakika kumi, maana mvua ilikuwa inakuja. Mimi nikaandika taarifa. Niliandika kwamba jengo "ni chakavu na halina thamani yoyote ya kiuchumi wala nyingine". Maneno "wala nyingine" hakuna aliyeniagiza niyaandike. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu sentensi ilisikika vizuri zaidi.

Kubomoa kulichukua siku tatu. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli, nasi tulipokagua hatukukifungua, kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa kwenye msiba. Ndani yake mlikuwa na masanduku ya vitabu vya kesi. Vibarua waliyatoa nje. Hakuna aliyeuliza kitu, na hakuna aliyewaambia kitu.

Majuma mawili baadaye nilinunua karanga za kukaanga pale stendi. Nilipozila zikaisha, nikakunjua karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha hukumu. Mwandiko wa wino, mzuri sana, wa karani wa zamani. Majina ya mdai na mdaiwa, jina la kijito, mti wa mpaka, ng'ombe wawili. Nikamwendea mama wa karanga. Alikuwa amebakiwa na kurasa chache tu. Nilizinunua zote pamoja na karanga zake, akanishangaa.

Mwaka uliofuata alikuja ofisini mzee mmoja. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita, kwa sababu hakutaka kuonana na mwingine. Alipoingia aliniambia: "Mwanangu, nimeambiwa wewe ndiye uliyeandika barua ya kubomoa baraza." Nikamwambia ni kweli, baba. Akaniambia kwamba marehemu baba yake alishinda kesi ya shamba pale barazani, kisha akaenda Afrika Kusini kwa Wenela kuchimba dhahabu. Kabla hajaondoka aliwaambia watoto: "Mtu akiwasumbua, nendeni barazani, imeandikwa." Sasa watu wa upande wa pili walikuwa wamefufua madai. Mzee alikuwa amekuja kuchukua maneno ya baba yake.

Nilimpa zile kurasa nilizookoa. Akavaa miwani, akazisoma moja moja, taratibu, kwa kidole. Hazikuwa zake. Akazipanga vizuri, akanirudishia, akasema: "Hizi zina wenyewe. Watunzie." Akanishukuru, akaondoka.

Siwezi kuapa kwamba kitabu chake kilikuwa mle. Huenda mchwa walikila zamani. Lakini nafasi ya kujua niliiondoa mimi kwa maneno mawili ya mapambo. Kesi iliamuliwa bila kitabu, na shamba likagawanywa. Ofisi ya kisasa iliyokuwa ijengwe pale haikujengwa, kwa kuwa fedha zilihamishiwa kazi nyingine. Mara ya mwisho nilipopita, palikuwa kituo cha bodaboda. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mimi mjukuu huyo nimemlea mwenyewe.

Sasa nimefika kwenye Bwalo letu.

Leo mchana, wakati mnacheza mpira, nililizunguka polepole. Kuta zina unene wa sentimita 45. Nimezipima kwa rula ya mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye alinifuata akiamini nimepoteza kitu. Juu ya mlango kuna mwaka uliochongwa, lakini tumeupaka chokaa mara nyingi kiasi kwamba sasa ni uvimbe tu. Upande wa mashariki kuna ufa, na ni ufa wa kweli, sitaki kuuficha. Nikautazama, nikaona unaanzia pale mfereji wa bati ulipokatika, ambapo maji ya mvua humwagika kwenye msingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hatukuziba mfereji, na sasa tunataka kubomoa nyumba nzima.

Yule kijana akanionyesha kitu ambacho mimi, katika miaka yangu yote hapa, sikukiona. Kwenye ukuta wa nyuma, katika tofali moja usawa wa goti, kuna alama za vidole vinne. Wazee wetu waliotutangulia wametusimulia kwamba matofali ya Bwalo yalifyatuliwa na wanafunzi wa mwanzo wenyewe, kabla ya masomo ya asubuhi. Mmoja wao alilishika tofali kabla halijakauka. Alama zile ni ndogo. Mwenye mkono ule hakuwa amezidi umri wa Kidato cha Kwanza. Wanafunzi wa sasa wanaijua alama hiyo, na kabla ya mtihani huenda kuweka vidole vyao pale. Hawakufundishwa na mwalimu yeyote. Nami, mzee mzima, nilichungulia huku na huku, nikaweka vyangu.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi tusijenge bweni. Nimeona wavulana wa Kidato cha Kwanza wanavyolala wawili wawili kitanda kimoja. Mtu atakayesimama hapa na kuwaambia walale ndani ya historia, huyo hana watoto. Bweni ni la lazima, na fedha tulizochanga ni za bweni, zisiguswe. Ninachouliza ni kwa nini bweni lazima likae juu ya Bwalo, wakati upande wa chini ya shamba la migomba pana uwanda wa kutosha. Jibu nililopewa ni kwamba pale kwenye Bwalo maji na umeme viko karibu. Ni jibu la haki. Lakini bomba na waya huvutwa. Tofali lile likishavunjwa halivutwi kutoka mahali popote.

Kwa hiyo kesho nitaomba kutoa hoja yenye mambo matatu.

La kwanza: kabla ya uamuzi wowote, wahandisi watatu tulio nao katika chama hiki walikague Bwalo bila malipo, waandike walichokiona, na taarifa isomwe mbele yetu. Wafungue kila mlango. Kama mwenye ufunguo yuko kwenye msiba, wamsubiri.

La pili: wahandisi haohao wapime gharama ya kuvuta maji na umeme hadi uwanda wa chini, ili bweni lisicheleweshwe hata kwa muhula mmoja. Mimi niko tayari kuongeza mchango wangu kwa ajili ya bomba hilo.

La tatu: kama kuta ni nzima, Bwalo lipewe kazi. Shule yetu ina vitabu vilivyorundikwa kwenye chumba cha kemia. Turekebishe mfereji kwanza, halafu bati, halafu tuligeuze kuwa maktaba. Nimekwisha waambia kwamba jengo linalotumika ndilo linaloishi.

Na kama wahandisi watasema kuta zimekufa, zitaangukia watoto, basi mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono libomolewe. Lakini hata hapo tuwe kama wale waliochimba Mbozi. Tuache nguzo ya udongo. Tulipime jengo, tulipige picha pande zote, tuandike masimulizi ya wazee wetu wangali nasi, na lile tofali la vidole vinne litolewe kwa mkono, lijengwe kwenye mlango wa bweni jipya.

Vijana, neno la mwisho ni lenu. Kuna siku mtakalishwa kwenye kamati. Mtapewa fomu, na mvua itakuwa inakuja. Kwenye fomu kutakuwa na nafasi ya kuandika thamani ya kitu. Msiandike neno kwa sababu linasikika vizuri. Ulizeni kwanza ni nani aliyeweka mkono wake hapo.

Ndugu Mwenyekiti, zile kurasa za karanga bado ninazo. Ziko saba. Mzee aliniambia nizitunzie wenyewe, na mpaka leo nimewapata wawili.

Sasa nadhani pilau imeiva.